Uzoefu Wangu na CZ 82 Iliyotumika: Si Kila Risasi ya Milimita 9 Inaifaa

CZ 82 ni bastola iliyoundwa Chekoslovakia kwa ajili ya jeshi, na baada ya kuondolewa jeshini nyingi ziliuzwa Marekani kwa wanunuzi wa kawaida. Yangu niliinunua kwenye duka lenye leseni hapa Texas, baada ya kujaza fomu ya serikali kuu namba 4473 na kukaguliwa rekodi zangu.

Kama chombo, inanipendeza sana. Inakaa vizuri mkononi, magazini yake inabeba risasi 12, na kifungio cha usalama kipo pande zote mbili, jambo lililomfurahisha mke wangu anayetumia mkono wa kushoto. Rangi nyeusi ilikuwa imebanduka sehemu kadhaa, lakini ndani ya mtutu, ambao umepakwa kromi, hapakuwa na kutu wala mikwaruzo; kwa silaha ya umri huo, mtutu ndio wa kuangaliwa kwanza, rangi baadaye. Springi ya kurudisha sehemu ya juu, ile inayoteleza nyuma kila unapofyatua, niliibadilisha mara moja, kwa kuwa huchoka na bei yake ni ndogo.

Suala zito ni risasi. Muuzaji aliitaja kuwa ni ya “milimita 9” na akaniwekea mezani boksi la 9x19 (namba ya pili ni urefu wa ganda kwa milimita), yaani Parabellum, ambayo ndiyo inayopatikana kila duka. CZ 82 hutumia 9x18 Makarov. Ingawa zote huitwa za milimita 9, kichwa cha risasi ya Makarov kina kipenyo cha karibu milimita 9.27, na cha Parabellum ni karibu 9.01, huku ganda la Parabellum likiwa refu zaidi kwa takriban milimita moja. Tofauti ya shinikizo la gesi wakati wa kufyatua ndiyo inayotisha: kiwango cha juu kinachokubaliwa Ulaya ni takriban megapaskali 160 kwa Makarov na 235 kwa Parabellum. Bastola hii haina mfumo wa kufunga mtutu pamoja na sehemu ya juu wakati wa kufyatua. Inategemea uzito wa sehemu ya juu na nguvu ya springi peke yake, kwa hiyo haikuundwa kustahimili shinikizo hilo. Ipo pia 9x17, ambayo Wamarekani huiita .380, fupi na nyembamba kuliko Makarov. Nayo isitumike humu. Tahadhari iongezwe kwa sababu CZ 83, ambayo kwa macho hufanana mno na hii, iliuzwa pia ikiwa ya 9x17 na ya milimita 7.65. Soma maandishi yaliyochongwa kwenye silaha yenyewe, kisha uyalinganishe na yaliyo kwenye kitako cha ganda, kabla ya kulipa.

Upatikanaji umekuwa mgumu zaidi tangu Marekani ilipoweka vikwazo kwa risasi za Urusi mwaka 2021, kwa kuwa nyingi za Makarov zilizokuwa za bei nafuu zilitoka huko. Sasa natumia za kampuni ya Sellier & Bellot kutoka Ucheki, ambazo hazijawahi kukwama katika bastola yangu, ila bei yake inazidi ya Parabellum. Kwa anayetaka kufanya mazoezi kila wiki, ningemshauri atafute CZ 75 iliyotumika, ambayo kwa kawaida ni ya 9x19 na mtutu wake hufungwa wakati wa kufyatua.