Tochi ya kichwa yenye mwanga mwekundu, nimekaa nayo miezi mitatu nikitafuta komba hapa Lushi (Lubumbashi, Kongo)

Hii tochi niliinunua dola 12 kwa duka moja dogo karibu na soko ya Kenya (mtaa wa hapa Lushi, si ile nchi), na naandika juu watu watatu wa promosio yetu ya masomo washaniuliza niliipata wapi. Mukiwa na kazi ya usiku porini, nunueni. Ila kwa batri kuko shida, nitaeleza mbele.

Naitumia kwa kazi gani? Kazi yangu ya mwisho wa masomo ni juu ya lemuri, wanyama wa jamaa ya nyani, walitoka wapi, wanaishi namna gani, na kwa nini wanaisha. Lemuri wa porini wako kule Madagaska na nauli ya kufika sina. Lakini ndugu zao tuko nao hapa Katanga, komba, wale wanaruka miti usiku, na wale wakubwa wanalia kama mtoto mchanga mpaka bibi yangu anasema ni mizimu. Hata Linnaeus, yule mtaalamu aliyepanga majina ya wanyama, mwaka 1758 aliwaita lemur kutoka lemures, mizimu ya Waroma wa zamani, kwa hiyo bibi hayuko peke yake. Komba na lemuri ni tawi moja la ukoo: pua yenye unyevu, ukucha wa kujikuna kwa kidole cha pili cha mguu, meno ya chini ya mbele karibu wote yamepangwa kama kitana, na nyuma ya jicho kuko utando unaorudisha mwanga. Huo utando njo unafanya tochi iwe na maana, juu ukimulika mti macho mawili yanawaka kama makaa na palepale unajua yuko wapi.

Tochi iko na taa tatu, nyeupe kali, nyeupe dogo na nyekundu. Nilizijaribu zote kwa shamba ya baba mudogo, barabara ya Kasenga. Nyeupe kali inaona mbali sana, mti wa mbali unaonekana mpaka majani, lakini ukimpiga nayo komba anaganda, anageuza uso, halafu anaruka na umemupoteza. Nyekundu haifiki mbali ila hawaijali. Usiku mmoja nilikaa chini ya mti moja karibu saa nzima, komba mdogo analamba ulimbo wa mti, anakamata kadudu, anakunja masikio, anakojolea mikono yake na kujipaka miguuni kabla ya kuruka, vitu nilisoma tu kwenye vitabu na sasa niko naviandika kwa mkono wangu. Hiyo saa moja kwangu inalipa zile dola 12 zote.

Na pale njo nilielewa lemuri vizuri zaidi. Komba wetu anaishi kama wale lemuri wadogo kabisa, wa usiku, moja wao ana gramu 30 tu na hakuna jamaa ya nyani mdogo kumupita. Lakini kule Madagaska hawakukuta nyani wala komba, kwa hiyo walijaza nafasi zote. Kuko wanaotembea mchana kwa vikundi, mkia wa pete nyeusi na nyeupe, na jike njo anatawala, dume anaachia chakula. Mtafiti Alison Jolly aliliona hilo miaka ya 1960 kule Berenty, kusini ya Madagaska, na watu walishangaa juu kwa jamaa ya nyani ni kitu cha nadra. Kuko mwengine anahifadhi mafuta kwa mkia na kulala hata miezi saba ya ukame. Wetu hapa, baridi ya mwezi wa sita nilimukuta kazini kama kawaida.

Walifika namna gani? Kisiwa kiliachana na Afrika zaidi ya miaka milioni 150 iliyopita, wao hawakuwa bado, kwa hiyo wataalamu wengi wanasema mababu yao walivuka mlango wa bahari wa Msumbiji, karibu kilomita 400, juu ya miti na majani yaliyong'olewa na mito. Yaani walitoka huku kwetu. Mi kila nikiona macho ya komba mtini nafikiria hiyo safari.

Sasa upande unaoniuma. Watu walipofika kisiwani, walikuta lemuri wakubwa, moja anaitwa Archaeoindris alikuwa na mwili wa gorila dume. Aina 17 hivi zimekwisha, hatuna kitu ila mifupa. Wanaobaki, hesabu ya mwaka 2020 ilisema aina 103 kwa 107 ziko hatarini, na 33 kati yao ziko ukingoni kabisa. Sababu? Kuchoma misitu kulima, kuwinda, na makala, yale makaa ya kupikia. Makala! Kila asubuhi kwa barabara ya Kasenga naona vélo zinaingia mjini na magunia mgongoni, na mti nilioonea yule komba wa ulimbo, mwezi wa pili wa kazi yangu, nilikuta kisiki tu. Nilizunguka pale na ile tochi karibu usiku mzima, sikuona macho.

Turudi kwa tochi. Karto inasema masaa 10, mi nimepata matatu na nusu kwa nyeupe na kama sita kwa nyekundu. Inachajiwa kwa kebo ya telefone, na umeme ukikatika siku mbili umekwama, kwa hiyo nunua pauwabanki pia. Mkanda wa kichwa ulilegea wiki ya tano, nikaufunga na mpira wa baiskeli. Mvua kidogo inavumilia.

Mwenye duka ni mama moja mpole, alinibadilishia ya kwanza iliyokuwa na swichi mbaya bila kelele. Ukienda, muombe awashe nyekundu mbele yako, juu kwa zile nilizoona kwenye karto moja, mbili zilikuwa zinawaka nyeupe tu.