Mhasibu wa Mwanjelwa kanielewesha hisa mpaka basi

Jamani wenye kampuni Mbeya, kuna mhasibu hapa Mwanjelwa anaelekeza vizuri sana. Sisi tunakoboa mpunga, BRELA, wale wanaosajili kampuni, tuliandikisha hisa 1,000 za sh 10,000 kila moja na zote tulishalipia, mi nikajua milioni 10 ndo thamani ya kampuni, kumbe huo ni mtaji wa hisa tu, yaani hela tuliyoweka kununua hisa, haupandi wala kushuka eti kwa sababu msimu umekuwa mzuri au mbaya. Akachukua kalamu nyekundu, mali zote akatoa madeni, ikabaki milioni 17, yaani zile 10 na faida 7 ambayo hatujagawana, hiyo ndo ya wanahisa, wenyewe wanaita ekwiti. Bei yake poa, ila foleni aisee, wahi asubuhi.