Arclight kwenye huduma ya mkoba: nyota 4 kati ya 5

Ni kichungulio kidogo cha kutazamia ndani ya jicho, kilichobuniwa Chuo Kikuu cha St Andrews, Uskoti. Unakivaa shingoni kama kitambulisho, kinachajiwa kwa jua au USB, kwa hiyo kijijini huhangaiki kutafuta betri.

Ila kwenye kusaka ugonjwa wa neva ya jicho, kichungulio mimi nakiweka mwisho. Naanza na chati ya E (herufi E zilizogeuzwa pande mbalimbali), mita 6, jicho moja moja. Jicho jingine lifunikwe kwa kiganja. Wanaofunika kwa vidole huchungulia katikati. Asiyefika 6/12 (mstari ambao jicho zima husoma kutoka mita 12) mpe kadi yenye tundu la milimita 1 hivi. Akisoma vizuri zaidi, mara nyingi ni suala la miwani. Asipoongeza hata mstari, fikiria mtoto wa jicho, retina (utando wa nyuma ya jicho) au neva.

Halafu mwanga wa kupokezana. Chumba kiwe na giza kiasi, mgonjwa atazame mbali, maana akiitazama tochi mboni hujibana zenyewe. Mulika jicho la kulia sekunde 3, hamia la kushoto upesi, rudi. Mboni inayotanuka wakati unaimulika, neva ya upande huo ndiyo iliyoumia zaidi. Tochi ya simu haifai: mwanga wake hutawanyika ukamulika macho yote mawili. Na kwa macho yetu meusi mboni hupotea gizani, kwa hiyo msaidizi aweke mwanga hafifu kutokea kidevuni.

Neva zote mbili zikiumia sawasawa, kipimo hiki hakionyeshi kitu. Ndivyo mara nyingi ilivyo kwa mgonjwa wa TB aliyedhuriwa na ethambutol, mojawapo ya dawa za TB. Anayeandikiwa dawa hiyo anahitaji chati ya E na vibao vya rangi vya Ishihara kabla ya kuianza, ili baadaye pawe na cha kulinganishia.

Presha ya macho (glakoma) ndiyo inayodanganya kuliko zote: mtu anasoma 6/6, yaani uoni kamili, huku uoni wa pembeni umeshaliwa. Hapa sasa Arclight inalipa. Tazama kikombe cheupe ndani ya diski ya neva (duara linaloonekana pale neva inapoungana na jicho), kikifika 0.7 ya urefu wa diski, au jicho moja likilizidi jingine kwa 0.2, andika rufaa.

Nyota moja nimeikata kwa sababu mboni isipotanuliwa unaona kwa kubahatisha, ingawa hata vichungulio vya bei mbaya vina tatizo hilohilo. Tropikamidi, dawa ya matone ya kutanua mboni, husaidia, lakini maliza kwanza kipimo cha mwanga. Ukishadondosha tone, mboni hazipimiki tena siku hiyo.