Kadi ya CF badala ya hadi diski: ipi ununue, ipi uache

Malalamiko ya wasomaji yamekuwa mengi mno, ndiyo maana naandika. La karibuni limetoka kwa dada mmoja wa Nansio, kisiwani Ukerewe, ana kompyuta ya Pentium III inayoendesha mashine ya kukata stika. Hadi diski yake ilianza kugonga, akaagiza kadi ya CF (CompactFlash, kadi ya kumbukumbu ya kamera na vifaa vingine) kutoka Mwanza mjini, ikavuka ziwa na meli, akaweka Windows XP. Ikawaka vizuri. Tatizo likaja alipotaka D:, yaani sehemu ya pili ya diski, ya kuhifadhia michoro ya wateja: haionekani, hata afanye nini. Aliyemuuzia anasema kadi ni nzima, na kweli ni nzima. Ila ni kadi ya kamera.

Habari za kasi sitaandika. Kwenye mashine za umri huo kasi ya kadi si tatizo lako. Angalia jinsi kadi inavyojitambulisha, jambo ambalo wauzaji wetu hawaligusi kabisa.

CF, ambayo SanDisk waliileta mwaka 1994, inaelewa yenyewe lugha ya IDE, ile njia ya zamani ya kuunganisha diski na kompyuta. Ndiyo maana adapta yake ya kawaida ni pini na nyaya tu: pini 40 kwa kompyuta ya mezani, 44 kwa laptopu. Kompyuta inapowaka, huiuliza kadi wewe ni kifaa gani. Kadi iliyopangwa kama diski hujibu kuwa ni diski ya kudumu. Kadi nyingi za kamera hujibu kwa namba 848A, maana yake kadi ya CF, na Windows huichukua kama kifaa cha kuchomoa na kuchomeka. DOS, mfumo wa zamani wa kuandika amri, haijali hilo hata kidogo. XP inajali: kifaa cha kuchomoa huonyeshwa paitisheni (kipande cha diski iliyogawanywa) ya kwanza tu, basi. Hapo ndipo D: ya dada yangu ilipopotelea, na adapta ya pini tupu haiwezi kubadilisha jibu la kadi.

Kupima ni rahisi. Chomeka kadi kwenye adapta ya IDE, washa Linux yoyote ya kwenye CD, andika hdparm -I na jina la diski. Ukiona mstari wa juu umeandikwa CompactFlash ATA device, hiyo ni ya kamera. Usipimie kwenye kisoma kadi cha USB, maana hapo anayejibu ni kisoma kadi.

Sasa mpangilio wangu, na sifichi ninayoipendelea.

Ya kwanza ni Transcend za viwandani, hasa zenye chipu za SLC. Soma karatasi ya maelezo ya modeli yenyewe uhakikishe maneno Fixed Disk, yaani diski ya kudumu, yapo, kwa sababu si kila kadi inayoitwa ya viwandani imepangwa hivyo. SLC inavumilia kuandikwa na kufutwa mara nyingi kuliko MLC, aina ya chipu ya bei nafuu, na Windows ni mwandishi asiyechoka. GB 4 au 8 zinatosha kabisa kwa XP na programu ya stika. Ghali, ndiyo. Mimi ningejibana nikainunua hiyo.

Ya pili, SanDisk Ultra za kamera, kwa watu wa DOS tu. Hapo sina neno. Kumbuka DOS 6.22 haitengenezi paitisheni inayozidi GB 2, na mashine nyingi za zamani zenye prosesa ya 486, BIOS yake (programu ya kuwashia kompyuta) haivuki MB 504, kwa hiyo kadi kubwa ni kutupa hela. Ikikataa kuwaka baada ya kuiweka DOS, andika fdisk /mbr kwanza kabla hujamlaumu fundi. Kadi iliyotoka kwenye kamera mara nyingi haina kile kipande cha kuwashia.

Ya tatu ni adapta ya SD yenye chipu ya FC1307A. Hii chipu inatafsiri na kujitambulisha yenyewe kama diski ya kudumu, hivyo XP inatulia. Ni ya taratibu, lakini kadi za SD zipo kila kona. Zipime kwa programu ya f3 au H2testw, kwa sababu feki zinaonyesha GB 64 huku ndani hazina.

Zisizo na jina: acha.

Ninalolalamikia kwa wauzaji ni hili. Ukizunguka Mwanza, Makoroboi hadi Mtaa wa Rufiji, utaambiwa "hii orijino, dada" kabla hata hujauliza swali. Ukiomba kupima, jibu ni kwamba ukifungua pakiti umenunua. Kadi ya kamera iliyotumika inapandishwa bei kwa sababu "siku hizi hazipatikani", halafu mnunuzi wa Ukerewe akitaka kurudisha, nauli ya kwenda na kurudi ni juu yake. Huo ni wizi wa mchana, hata kama risiti ipo.

Kwa hiyo kabla ya kutoa hela, mwambie aandike kwenye risiti kuwa kadi inarudishwa kama haijitambulishi kama diski ya kudumu kwenye IDE. Akikataa, nenda duka la pili. Na ukiwa visiwani, agiza modeli kwa namba yake kamili, kisha umtake akutumie picha ya lebo, mbele na nyuma, kabla mzigo haujapanda meli.