Mashine ya soda ipozwe vipi? Mifumo mitano, kuanzia ile ningeinunua kwanza

Soda vuguvugu haifichiki. Povu linajaa glasi, mteja anasubiri lishuke, na likishashuka anakuta nusu glasi ya maji matamu yasiyochoma ulimi. Muuzaji anaongeza, povu linapanda tena. Watu wengi hulaumu mtungi wa gesi au sharubati, wakati kinachokosekana ni ubaridi.

Sababu yake iko kwenye maji yenyewe. Chini ya kaboni dioksidi yenye shinikizo sawa na la hewa ya kawaida, lita moja ya maji ya nyuzi 0 hubeba takriban gramu 3.3 za gesi hiyo. Maji yale yale yakifika nyuzi 20 hubeba gramu 1.7 tu, karibu nusu. Kwa hiyo mfumo wa kupoza ndio unaoamua kama mnywaji atapata soda au maji ya sukari, na ndiyo maana naona vibaya mtu anapochagua mashine kwa wingi wa koki na taa za mbele, kisha kipoza akakichukua chochote kilichomo ndani.

Kabla ya kuangalia aina, jiulize swali moja: katika saa yako mbaya kuliko zote, utamimina glasi ngapi? Usihesabu za siku nzima, hesabu za saa hiyo. Mashine inayotosha glasi 300 zilizogawanyika tangu asubuhi hadi usiku inaweza kushindwa na glasi 100 zinazoombwa kwa mkupuo.

Hesabu si ngumu. Kushusha lita moja ya kinywaji kutoka nyuzi 30 hadi 4 kunahitaji kuondoa joto la kilojuli 109 hivi. Glasi ya mililita 300 ni kilojuli 33. Kilo moja ya barafu ikiyeyuka hufyonza kilojuli 334. Kwa maneno mengine, kilo moja ya barafu ni glasi kumi. Upande wa pili, kompresa (pampu inayokandamiza gesi ya friji) yenye nguvu ya kupoza ya wati 500 (nguvu ya kupoza, siyo umeme inaoutumia) huondoa kilojuli 1,800 kwa saa, yaani glasi 55 tu. Kwenye karatasi ya mashine tafuta namba hizi mbili: uzito wa barafu na nguvu ya kupoza.

1. Tangi la barafu

Huu ndio ningeununua kwa kaunta nyingi. Ndani yake kuna tangi la maji, na koili ya gesi ya friji inayogandisha ukuta wa barafu kuizunguka. Mabomba ya maji na sharubati hupita katikati ya maji hayo, na mota ndogo huyakoroga bila kupumzika ili ubaridi ufike kwenye mabomba. Usiku, hakuna anayekunywa, kompresa inaweka akiba. Mchana watu wakifurika, akiba inatumika.

Turudi kwenye hesabu. Tangi lenye kilo 10 za barafu na kompresa ya wati 500 lina glasi 100 za akiba na 55 za kompresa, jumla 155 katika saa ya kwanza. Katika hali halisi toa kiasi, kwa sababu joto la chumba nalo hula barafu. Baada ya msongamano huo tangi litahitaji karibu saa mbili bila wateja kurudisha kilo zote kumi. Kama una misongamano miwili inayofuatana, chukua tangi kubwa zaidi kuliko unavyodhani.

Unapolikagua, anza na mota ya kukoroga. Ikifa, barafu inabaki nzuri kabisa ndani huku soda ikitoka ya moto, na fundi asiyejua atakimbilia kuongeza gesi ya friji. Nilipoteza wiki nzima namna hiyo, na kosa lilikuwa kwenye mota ya bei ndogo kuliko zote ndani ya sanduku. Kwa hiyo uliza kama inauzwa peke yake na kama inafikika bila kubomoa nusu ya mashine.

Kisha uliza kinachozuia barafu isinenepe kupita kiasi. Mashine nzuri zina vihisio vinavyotumia tofauti ya jinsi maji na barafu vinavyopitisha umeme. Barafu ikivigusa, kompresa inazima. Kihisio kikichoka, ukuta wa barafu hukua hadi ukayafikia mabomba ya kinywaji na kuyagandisha.

Jambo la mwisho kuhusu tangi, na wengi hulipita: hakikisha sharubati nayo inapozwa. Kwa kawaida soda huchanganywa sehemu moja ya sharubati kwa sehemu tano za maji. Maji yakiwa nyuzi 2 na sharubati nyuzi 30, glasi inatoka karibu nyuzi 7. Nyuzi tano zimepotea kwa sababu bomba moja halikupitishwa kwenye tangi. Vivyo hivyo chombo cha kuchanganyia gesi na maji: kikiwa ndani ya baridi, gesi inaingia kwa urahisi zaidi kuliko kikiwa chini ya meza kwenye joto.

Umeme ukikatika barafu hubaki kwa muda, lakini pampu ya kusukuma maji kwenye chombo hicho husimama. Usidanganywe kwamba utaendelea kuuza.

2. Bamba baridi lililofunikwa na barafu

Hapa hakuna kompresa. Kuna bamba zito la alumini lenye mabomba ya chuma cha pua yaliyozikwa ndani, na juu yake sanduku la barafu unayoimwaga mwenyewe. Ni mfumo rahisi, kimya, usio na kitu kingi cha kuharibika, na ukiutunza unatoa soda baridi sana glasi baada ya glasi.

Nauweka wa pili kwa sharti moja: uwe tayari una mashine ya kutengeneza barafu yenye uwezo wa ziada. Glasi 400 kwa siku ni kilo 40 za barafu kwa ajili ya bamba peke yake, kabla ya ile inayowekwa ndani ya glasi na ile inayoyeyuka kwa joto la chumba. Ukinunua barafu kila asubuhi, gharama itakufuata maisha yote ya mashine.

Matunzo yake ni ya kila siku. Barafu inayogusa bamba huyeyuka kwanza, na iliyo juu ikishikana hubaki imening'inia kama daraja huku chini pakiwa na uwazi. Sanduku linaonekana limejaa, soda inatoka vuguvugu. Lazima ikorogwe na kushushwa. Tundu la kutolea maji nalo huziba kwa utelezi wa ukungu. Lisafishe kabla halijafurika. Na dawa kali za klorini zisiachwe zikae juu ya alumini, kwani huila.

3. Kipoza cha mbali chenye mzunguko

Kipoza kinakaa chumba cha nyuma, na mabomba hupelekwa kaunta yakiwa yamefungwa pamoja katika fungu nene la sponji. Katikati ya fungu huzunguka maji ya gesi yaliyopozwa au mchanganyiko wa maji na glikoli (kimiminika kinachozuia maji yasigande), kwenda na kurudi muda wote, ili kinywaji kilicholala ndani ya bomba kisipate joto.

Hilo ndilo linalookoa glasi ya kwanza. Mahali ambapo kipoza kiko mbali na koki bila mzunguko, mteja wa kwanza baada ya utulivu wa nusu saa hupewa kile kilichokuwa kimelala bombani. Kama una kaunta mbili au tatu, au joto na kelele za kompresa haziruhusiwi mbele ya wateja, mfumo huu hauna mpinzani. Kwa kaunta moja ni mzigo: pampu ya ziada, sponji inayochanika na kudondosha maji, fundi mwenye ujuzi zaidi. Glikoli iwe ya propilini inayokubalika kwenye vyakula. Ile ya ethilini ni sumu.

4. Bamba linalopozwa na kompresa moja kwa moja

Alumini tena, lakini safari hii gesi ya friji hupita ndani ya bamba lenyewe. Hakuna tangi wala barafu. Inapoa haraka baada ya kuwashwa na haichukui nafasi. Akiba yake ni ndogo, basi rudi kwenye ile hesabu ya kompresa pekee. Inafaa chumba cha kungojea au ofisi.

5. Vipoza vya umeme bila kompresa

Hivi vinatumia athari aliyoionyesha Mfaransa Jean Peltier mwaka 1834 (umeme ukipita kwenye kiungo cha metali mbili tofauti, upande mmoja hupoa na mwingine hupata joto), mwaka ule ule Jacob Perkins alipopata hataza ya mashine ya kupoza kwa kukandamiza mvuke huko Uingereza. Njia hizi mbili zina umri mmoja, lakini kwa kazi hii hazilingani. Kipoza cha Peltier hula umeme mwingi kwa ubaridi mdogo, na chumba kikipata joto hulegea zaidi. Kwa maji ya kunywa mtu mmoja mmoja, sawa. Kwa soda, usinunue.

Yapo mambo yanayohusu kila mashine yenye kompresa. Vipimo vya kwenye karatasi mara nyingi hufanywa katika chumba cha nyuzi 24 hivi. Kama chako hufika 35, uliza uwezo wake kwenye joto hilo. Acha nafasi ya hewa nyuma na ubavuni, na safisha vumbi kwenye kondensa (koili inayotoa joto nje ya mashine). Kwa gesi ya friji, pendelea R290, yaani propani: uwezo wake wa kupasha dunia joto, kaboni dioksidi ikihesabiwa 1, ni takriban 3, ukilinganisha na 1,430 wa R134a na 3,922 wa R404A, gesi ambazo Marekebisho ya Kigali ya mwaka 2016, mkataba wa kimataifa, yanazipunguza. R290 huwaka moto, kwa hiyo fundi awe anaijua. Na popote maji ya gesi yanapopita pasiwe na shaba hata kipande kimoja, kwa sababu maji hayo ni tindikali na huyeyusha shaba ikaingia kwenye kinywaji.

Kabla ya kulipa, omba mashine iwashwe tangu usiku wa jana. Nenda na kipimajoto. Mimina glasi 20 mfululizo bila kupumzika, upime ya kwanza, ya kumi na ya ishirini. Glasi ya ishirini ikizidi nyuzi 5, muulize muuzaji uzito wa barafu iliyomo ndani, kisha fungua kifuniko uitazame mwenyewe.