Mafundi walotufungia seva Malindi: nyota nne, ya tano imekwama ngazini

Tuna gesti Malindi, Mji Mkongwe wa Zanzibar, nyumba ya zamani ya mawe na chokaa, tukataka seva, kompyuta ya kuhifadhi bukingi na picha za kamera, ikae orofa ya pili. Nkachukua mafundi wa duka moja la kompyuta Darajani, jina silitaji mana n'na lalamiko langu huko chini.

Siku ya kwanza hawakuja na bei, walikuja na futi. Mie nlidhani seva unaisukumiza tu uvunguni mwa ngazi, fundi akacheka, sheikh, hii kina chake sentimita 70 na ushee, mbele uache kama mita nzima uweze kuivuta, nyuma mkono upite, na hapa hapana upepo itajipika yenyewe. Akagonga ukuta, chokaa ikamwagika kama unga, basi reki (fremu ya chuma ya kuwekea seva) ya kutundika tukaisahau. Akataka isimame chini, tena karibu na ukuta boriti zinapokalia sio katikati ya chumba, mana UPS, lile boksi linoshikilia umeme ukikatika, na betri zake ndo uzito wenyewe.

Kwenye umeme niliwavulia kofia. Sie tulokaa giza miezi mitatu, Disemba 2009 mpaka Machi 2010, hatuna haja ya kuhadithiwa, na hata baada ya kebo mpya ya baharini ya 2013 inoleta umeme toka bara, umeme unakatika bado na ukirudi unarudi na kishindo. Wakavuta laini ya peke yake toka meni swichi na breka yake, wakachimbia ethi mpya uani, ile ya kupeleka umeme wa hitilafu ardhini, ile ya zamani ishaliwa na kutu. Wakajumlisha wati za kila kitu kwanza ndo wakachagua UPS, na nkajifunza kitu, ile 1500 inoandikwa ubavuni ni VA, yaani volti mara ampea, wati zake mara nyingi ni pungufu ya hapo.

Waya za neti wamezipitisha mbali na za umeme, zina lebo ncha zote mbili. Safi.

Sasa lalamiko. Walipima chumba chote wasipime ngazi! Reki ya kina cha mita moja ikaganda kwenye kona, haipandi haishuki, ikarudishwa barazani kufunguliwa vipande vipande huku kila mpita njia fundi, siku nzima imekwenda na wabebaji nkalipa mie. Nlipowaambia wanikatie kwenye bili wakanipa feni ndogo ya reki bure.

Mwezi ujao wanakuja kuongeza betri, nshawaambia waanze kupima mlangoni.