Kusoma mchoro wa watu: uanze na ishara au na hisia?

Njia ya ishara huanzia kwenye vitu. Chukua picha ya Arnolfini ya mchoraji Jan van Eyck (1434, National Gallery, London): mwanamume na mwanamke wamesimama chumbani. Orodhesha kila kitu kabla ya kukipa maana: mbwa, viatu vilivyovuliwa, machungwa dirishani, mshumaa mmoja unaowaka mchana, kioo kilichobinuka kinachoonyesha watu wengine wawili mlangoni. Kisha uliza kila kimoja kilimaanisha nini kwa watu wa Bruges, mji wa mchoraji (Ubelgiji ya leo), wa karne ile. Wengi huteleza hapa: husema mwanamke ni mjamzito, kumbe amekusanya mikunjo ya gauni zito mbele ya tumbo, mtindo wa enzi zake. Hata mwanahistoria wa sanaa Erwin Panofsky, aliyeiona picha hii mwaka 1934 kama hati ya ndoa, amepingwa sana tangu hapo. Bila historia, hiyo ni ramli.

Njia ya hisia huanzia kwenye rangi, mwanga na mkao. Mpiga gitaa mzee wa Picasso (1903–1904, Art Institute of Chicago) hana vitu vya kuorodhesha: shingo imeinama, viungo vimekonda, buluu imetawala, gitaa pekee ni la kahawia. Kosa la kawaida ni kudhani buluu ni huzuni popote. Kwenye vazi la Bikira Maria ni heshima. Skrini ya simu nayo hupotosha rangi.

Picha iliyojaa vitu ianzie ishara. Yenye mtu mmoja na mandhari tupu, hisia. Ukikwama, funika kitu kimoja kwa kidole: hisia ikibadilika, kina kazi pale.